Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: liondoe katapila kwenye makaburi ya wapagazi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Barua zangu za nyuma zilipita kwa Mtendaji wa Kijiji, zikapita kwa Mtendaji wa Kata, na ninazo nakala zenye muhuri wa masjala yako. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii ya leo naiandika hadharani, aisome kila mtu.

Jumanne iliyopita katapila lililokuja kuchimba kifusi cha barabara lilikata kilima kilicho juu ya shamba langu. Nilipanda huko na wazee wenzangu. Kwenye ukuta wa udongo uliobaki tuliona mfupa wa paja, na pembeni yake taya yenye meno mazima, yasiyolika, meno ya kijana. Dereva alizima mashine, akavua kofia. Msimamizi wake akasogea kando na simu, akarudi akamwambia aendelee na kazi. Jioni ile watoto walikuwa wanachezea maganda ya risasi njia nzima hadi dukani.

Mheshimiwa, kilima kile unakijua. Ulisimama pale mwenyewe, kwenye mkutano wa hadhara, ukatamka kwamba eneo litapimwa, litawekewa uzio na kibao. Tulikupigia makofi. Maneno yako yamo kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, na wewe uliusaini.

Sasa naona nieleze tena waliolala pale ni nani, yaani wapagazi, wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu huenda wasaidizi wako hawakukueleza.

Uingereza ilitangaza vita na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Siku nne baadaye manowari ya Waingereza, Astraea, ikapiga mizinga kituo cha simu ya upepo Dar es Salaam. Gavana wa Wajerumani hapa kwetu, Heinrich Schnee, hakutaka vita vifike huku. Alishikilia Mkataba wa Berlin wa 1885, ambao ulitoa nafasi kwa makoloni ya eneo hili kukaa kando ya vita vya wakubwa wao. Wakakubaliana na makamanda wa manowari kwamba bandari zisishambuliwe, lakini wakubwa wa London wakayakataa makubaliano hayo. Na kamanda wa Schnee mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa anavitaka vita. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Kiingereza atakayeletwa Afrika hatapigana Ulaya. Tarehe 15 Agosti watu wake wakaiteka Taveta, upande wa Waingereza, Kenya ya leo. Kwa hiyo ile karatasi ya Berlin, iliyotumika kutugawa bila kutuuliza, ilipofika siku ya kutukinga haikumkinga mtu.

Huku kwetu vita vilianzia ziwani. Mwezi huohuo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa pale Liuli, wakati huo wakipaita Sphinxhafen. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja ikaipiga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Tangu siku ile Ziwa Nyasa likawa la Waingereza, na Mjerumani wa Tukuyu akakosa chombo cha kumpeleka kusini. Ikabaki miguu. Miguu ya nani? Miguu ya babu zetu.

Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Tukuyu, likiongozwa na Kapteni von Langenn, lilikuwa limeshavuka Mto Songwe, ulio mpakani na Nyasaland, Malawi ya leo, na kuishambulia Karonga asubuhi. Kapteni Barton wa upande wa Waingereza alikuwa ametoka usiku kwenda kuwatafuta Wajerumani, wakapishana njia, kisha akarudi aliposikia milio ya bunduki. Wajerumani wakashindwa, wakarudi Songwe na majeruhi wao.

Mapigano hayo yameandikwa. Waliobeba hawakuandikwa. Babu yangu alichukuliwa shambani na akida, akafungiwa sanduku la risasi mgongoni, akaenda Karonga akiwa kijana asiyejua hata adui ni nani. Kurudi alibebeshwa machela. Alisimulia kwamba wenzake walikuwa wanaanguka njiani kwenye mwinuko wa kuelekea Masoko, karibu na Tukuyu, kwa majeraha, kwa kuhara, kwa njaa, na waliozikwa kwetu walizikwa usiku bila matanga. Alikuwa akitutajia majina yao. Baadhi nimeyaandika, na orodha nilikukabidhi mkononi siku ile ya mkutano.

Ng'ambo ya mto waliliona jambo hili mapema. Novemba 1914, baada ya Karonga, mchungaji John Chilembwe aliandikia gazeti la Nyasaland kulalamika kwamba Waafrika wanakufa katika vita visivyokuwa vyao. Serikali ikaizuia barua hiyo. Januari 1915 akaongoza uasi, Februari akauawa. Leo Malawi ina siku yake ya kumkumbuka, na sura yake imo kwenye noti zao. Sisi tuna ile sanamu ya Askari Dar es Salaam, tangu 1927, na aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Kwa upande wa Waingereza peke yao walikufa wapagazi zaidi ya 90,000 katika vita vile. Hao wa upande wetu nani aliwahesabu?

Nirudi kwenye katapila. Kifusi kipo kwingi. Kipo upande wa pili wa barabara, karibu zaidi, na mwenye shamba yuko tayari kuuza. Kwa nini wang'ang'anie kilima kile? Mimi naamini wanatafuta mali ya Mjerumani. Kila mtu hapa anajua habari za rupia na dhahabu zinazosemwa zimetupwa kwenye Ziwa Masoko, na wageni wenye vifaa vya kutafutia madini wameonekana kwetu usiku. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani. Lakini kifusi hakichimbwi saa nane za usiku kwa tochi.

Na mimi hali yangu imekuwa mbaya. Mvua za juzi zimeteremsha tope lote la machimbo kwenye migomba yangu, na kakao niliyopanda kwa kiinua mgongo changu imefukiwa. Mke wangu amekataa kuteka maji kwenye kijito kinachotoka pale, anasema hawezi kupikia wajukuu maji yaliyopita kwenye mifupa ya watu, kwa hiyo tunanunua maji kwa madumu. Magoti yangu yamekwisha kwa kupanda ngazi za ofisi yako. Nikifika naambiwa upo kikaoni, au upo Dodoma, njoo wiki ijayo. Nimefundisha watoto wa wilaya hii maisha yangu yote, baadhi yao ndio wanaoniambia nisubiri kwenye benchi.

Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 ipo, na inataka taarifa itolewe kabla ya kaburi kuguswa. Sisi taarifa yetu ilikuwa mlio wa mashine.

Nilikuwa naomba uzio. Nilikuwa naomba kibao chenye majina, watu wa Makumbusho waje waangalie, na fidia ya shamba langu. Hayo yote yanaweza kusubiri, hata fidia. Ninachoomba leo ni kimoja: katapila lisimame. Piga simu kwa mkandarasi, mwambie asimame. Huhitaji bajeti wala kikao cha kamati. Kwa umri wewe ni mwanangu, na mimi nakuomba kama mzazi: lisimamishe kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu wamesema wanaingia upande wa mashariki, na huko ndiko babu alikosema walizikwa wengi zaidi.

Mifupa iliyotoka Jumanne tumeifunga kwenye shuka, iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tunasubiri neno lako tuizike.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mjukuu wa mpagazi

Nakala: Mheshimiwa Diwani; Mtendaji wa Kata; Mwenyekiti wa Kijiji