Nondo ya ardhini peke yake haikulindi

Mhariri,

Umeme ukikatika hapa Tabora, jenereta ndogo huanza kunguruma mbele ya stesheneri na saluni. Nyingi zimefungwa waya unaoishia kwenye kipande cha nondo kilichopigwa ardhini, na mwenyewe anaamini keshamaliza kazi. Hajamaliza.

Umeme wa TANESCO hutoka kwenye transfoma ambayo nyutro yake (waya wa kurudisha mkondo) imeungwa na ardhi, kwa hiyo laivu (waya unaoleta umeme) ikivuja mkondo una njia ya kurudi. Jenereta nyingi za kubeba nyutro yake inaelea: haijaungwa na bodi ya chuma wala na tundu la ethi, yaani la waya wa ardhi. Hapo laivu ikigusa kasha la kompyuta hakuna breka itakayokata, hata upige nondo tatu. Hitilafu hiyo ya kwanza hukaa kimya. Ya pili, ikitokea kwenye kifaa kingine kwa upande wa nyutro, huacha volti 230 kati ya makasha mawili kama ekstenshen haina waya wa ethi. Na wapo wanaokata pini ya ethi kwa koleo ili plagi iingie kwenye tundu la pini mbili!

Kupima ni dakika moja. Zima jenereta, chomoa kila kitu, weka maltimita kwenye ohm, gusa tundu la nyutro na la ethi. Ikisoma chini ya ohm 1, zimeungwa. Isiposoma kitu, nyutro inaelea. Jenereta ya namna hiyo ikiwaka na kompyuta imechomekwa, utakuta 230 kati ya laivu na nyutro, lakini kama 115 kati ya kila moja na ethi, kwa kuwa kapasita za kuchuja ndani ya pawasaplai hugawa volti katikati. Ndiyo maana UPS nyingine (kile kifaa cha betri cha kompyuta) huwasha taa ya hitilafu ya waya. Msiipeleke kwa fundi, haijaharibika.

Dawa ni kuunga nyutro na bodi kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kisha kuweka RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme kikiona tofauti kati ya mkondo unaotoka na unaorudi. Mpangilio ni lazima uwe huo. Ukiunga baada ya RCD, mkondo uliovuja hurudi kwa kupitia RCD hiyohiyo, nayo haioni tofauti yoyote. Jenereta za inveta ziacheni mpaka msome kitabu chake. Nyingine huungua zikiungwa.

Nondo nayo ina kazi yake, ila mchanga wetu mkavu wa Septemba unaweza kuipa ukinzani wa ohm 100. Gawa 230 kwa 100: ampia 2.3. Breka ya ampia 16 haitashtuka, RCD itakata papo hapo.

Anayelisha nyumba nzima akumbuke kwamba nyutro na ethi huungana mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Zikiungana kwa jenereta na kwa TANESCO pia, mkondo wa nyutro hupita kwenye waya wa ethi na RCD hukatakata bila sababu inayoonekana. Chenji ova, swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta, ikate laivu na nyutro pamoja. Za bei rahisi hukata laivu tu, kwa hiyo hesabu skrubu za waya kabla hujalipa: kwa fezi moja ziwe sita, si tatu.

Fundi umeme,
Ng'ambo, Tabora