Paka wa Miezi Minne Si Mtoto Tena

Wateja wengi hutuletea kliniki paka jike afungwe uzazi, yaani afanyiwe upasuaji asizae tena, wakiwa wamechelewa kwa majuma machache tu, na sababu wanayotupa karibu kila mara ni moja: walidhani bado ni mtoto. Ukweli ni kwamba paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, meno yake ya utotoni yakiwa hayajaisha kung'oka, na baada ya siku 63 hadi 65 akazaa. Ndiyo maana tunashauri afungwe uzazi kabla hajatimiza miezi mitano.

Liko jambo linalowashangaza hata waliofuga paka miaka mingi. Si mara moja tumeletewa mama na watoto wake ndani ya boksi, vitoto vikiwa bado vinang'ang'ania chuchu, na tulipompapasa tumbo tukakuta mimba nyingine, kwa sababu kunyonyesha hakumzuii paka kupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Tena mayai yake hupevuka kutokana na kule kupandwa kwenyewe, kwa hiyo ni nadra dume kumpanda bure. Uzao mmoja huwa na watoto wanne hivi, na kwa mwaka anaweza kuzaa zaidi ya mara mbili. Wengi wa watoto wanaozaliwa mitaani hufa kabla ya kukua, na hilo linatuuma kila tunapoliona.

Upasuaji wenyewe ni wa kawaida. Paka hupimwa uzito, husikilizwa moyo, hupewa dawa ya usingizi, kisha hunyolewa tumbo na kupasuliwa kidogo ili kutoa ovari, yaani vifuko vya mayai, na, mara nyingi, mfuko wa uzazi pia. Dume hutolewa korodani, na kidonda chake aghalabu hakihitaji kushonwa. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kazi yako ni kuhakikisha halambi kidonda kwa siku 10 hadi 14. Tafadhali usimpe parasetamoli kumtuliza maumivu, kwani hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Wapo wanaoamini kwamba ni lazima jike azae angalau mara moja ndipo awe na afya njema. Hatukubaliani nao hata kidogo: anayefungwa uzazi kabla ya joto la kwanza hupunguziwa sana hatari ya saratani ya matiti, na akitolewa mfuko wa uzazi hawezi tena kupata usaha ndani yake, ugonjwa ambao huua. Kunenepa kupo, lakini hutokana na kuendelea kumpa chakula kilekile ilhali mwili wake sasa unahitaji kidogo.

Paka wasio na mwenyewe nao tunawapokea, mradi waletwe ndani ya mtego salama. Akiwa bado usingizini tunamkata ncha ya sikio moja iwe alama kwamba ameshafungwa uzazi, ili asikamatwe tena bure, kisha anarudishwa alikotoka. Kuwaondoa tu hakusaidii, maana chakula kikiwapo, paka wengine huja kushika nafasi yao.

Mwenye dume na jike waliozaliwa pamoja asingoje, kwa kuwa paka hawajali udugu. Na dume akishahasiwa, atengwe na jike asiyefungwa uzazi kwa muda wa wiki sita, kwa sababu mbegu zilizosalia mwilini mwake bado zinaweza kutunga mimba.