Hicho kichupa usimpe mama

Newala, Mtwara
12 Novemba

Mpendwa Somoe,

Salaam nyingi, na shikamoo yangu mfikishie mama. Huku wazima. Minada imeanza, kwa hiyo ukikaa kibarazani ni bei ya korosho tu.

Kuhusu hicho kichupa cha mafuta ya maganda ya korosho ulichouziwa kama dawa ya uvimbe: usimpe mama anywe, hata kijiko. Wewe si mgeni wa mafuta hayo. Bibi kabla ya kubangua hujipaka jivu vidoleni, na bado dole gumba huchubuka likabaki jeusi mpaka ngozi mpya iote. Sasa fikiria koo.

Kinachoniudhi ni kwamba muuzaji hakutunga yote. Ganda bichi limejaa asidi ya anakadi, na mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha kuwa inazuia kimeng'enya kiitwacho p300. Hicho husaidia kulegeza protini ambazo DNA imezizunguka, ili jeni zisomeke. Kwenye saratani usomaji huo huvurugika, ndiyo maana wengi wameifuatilia asidi hiyo. Lakini ni seli za maabara, Somoe! Kutoka hapo hadi dozi ya mtu ni safari ndefu, na dawa nyingi hufia njiani.

Mimi nimenogewa na upande mwingine. Ukiyapasha moto mafuta yale, asidi hupoteza kaboni dioksidi ikawa kadanoli, yenye mkia wa kaboni 15 unaokataa maji. Humo hupatikana rangi za kukinga meli na kutu. Yakigandishwa kwa kemikali iitwayo fomaldehaidi na kusagwa, unga wake hutiwa kwenye pedi za breki. Na mwaka 2019 Charles de Koning wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Till Opatz wa Mainz, Ujerumani, na wenzao, akiwemo Egid Mubofu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliyatumia kuunda kemikali zinazonyonya miale ya urujuanimno. Yaani kitu kinachombabua Bibi kizae kinga ya jua! Zilikuwa kemikali za maabara, si losheni, ila nilimkumbuka mara moja mwanafunzi wangu mwenye ualbino, anayekuja na kofia ya dada yake.

Na sisi? Korosho nyingi zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam, halafu pedi za breki tunaagiza nje. Nikilisema hili kwenye chama cha ushirika wananiambia mwalimu ameanza tena.

Mama mpeleke hospitali wachukue kinyama cha huo uvimbe wakipime, ijulikane ni nini. Mambo ya vichupa yasimcheleweshe. Nauli ikipelea niambie kabla ya Ijumaa, malipo ya mnada wa kwanza yameshaingia.

Wako,
Zuhura