Barua kwa mwanangu anayekwenda kufunga mikanda ya watoto wa watu

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na ile sauti uliyotuma mama yako ameirudia mpaka chaji ya simu ikakata. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba, mvua zimeanza vizuri, na mdogo wako amerudi kutoka shule na karatasi ya michango ambayo nitakueleza mbele.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza tu, unaniambia "baba, nimeelewa". Mtu anayeelewa kabla sijamaliza kusema huwa simwamini.

Kazi umepata, na mimi nimefurahi, usije ukamwambia shangazi yako kwamba sikufurahi. Mama yako alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Bustani ya michezo huko Uarabuni, utasimama kwenye mashine, utawafunga watu mikanda, utabonyeza kitufe. Ni kazi ya heshima. Lakini jioni ileile mpwa wako alinionyesha kwenye simu ile video ya Taif, kule Saudia, mwishoni mwa Julai 2025: mashine inabembea na watu wamekaa, mara mlingoti unakatika, viti vinaanguka na watu wake. Waliumia watu zaidi ya 20. Mtoto alikuwa ananionyesha wale walioanguka. Mimi nilikuwa namtafuta wa kwenye kitufe, maana huyo ndiye utakuwa wewe.

Ninalotaka kukuambia ni hili, na nitalirudia hata ukichoka: usikubali kuharakishwa. Bosi asikuharakishe, foleni isikuharakishe, mtoto anayelia asikuharakishe.

Unajua kazi niliyoifanya reli, sina haja ya kuisimulia. Ila kuna jambo moja ambalo sidhani uliwahi kuliona kwa macho, kwa sababu lilikuwa linafanyika alfajiri nanyi mmelala. Mkaguzi wa mabehewa anapita ubavuni mwa treni na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima linalia, na mlio wake unakaa hewani kidogo. Lenye ufa linatoa sauti fupi, kama umegonga chungu kilichopasuka. Macho yangekuambia yote ni mamoja, yana vumbi lilelile na grisi ileile. Siku moja stesheni masta alinipigia kelele kwamba abiria wameshapanda na muda umepita, na mimi nilikuwa nimebakiza behewa nne. Nikazigonga zote nne. Hazikuwa na ubovu wowote. Alinisema mbele ya watu, nami niliondoka pale nikiwa na amani kabisa.

Pale Ohio, Marekani, Julai 2017, mashine ya kuzungusha watu ilikatika siku ya kwanza ya maonyesho, kijana wa miaka 18 akafa. Ilikuwa imekaguliwa. Waliotengeneza mashine ile wakasema baadaye kwamba kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani. Kwa ndani, umesikia? Ndiyo maana nakuambia kuhusu nyundo.

Tangu utupe habari yako, kila jioni mpwa wako ananisomea mambo haya. Mama yako anasema nimepata ugonjwa. Nimwache aseme.

Iliyoninyima usingizi hasa ni ya Uingereza, bustani ya michezo ya Alton Towers, tarehe 2 Juni 2015. Treni yao ya mchezo, inayowapindua watu kichwa chini, inaitwa Smiler. Siku hiyo walikuwa wameongeza treni moja njiani, na nyingine tupu, waliyoituma kwa majaribio, ikawa imekwama mbele bila wao kujua. Kompyuta ikasimamisha kila kitu. Unajua mafundi walifanya nini? Walidhani kompyuta imekosea. Wakaizima amri yake, wakaiachia treni yenye watu, ikaenda kugonga ile tupu. Walijeruhiwa watu 16, na wasichana wawili, umri wako hao, wakakatwa mguu kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ikapigwa faini ya pauni milioni 5.

Mwanangu, hiyo ni reli. Sehemu moja ya njia haikai treni mbili, hilo sisi tulilijua kabla kompyuta hazijafika Kigoma. Dereva haingii sehemu mpaka amepewa ruhusa, na anayetoa ruhusa awe na hakika kwamba aliyetangulia ametoka. Asiye na hakika anasubiri. Wale waliona watu wanangoja, wakaona mashine inawachelewesha. Mashine ikisimama yenyewe, uiamini kwanza, ubishi uje baadaye. Mteja akikutukana, atukane.

Najua utanijibu nini. Ulishasema: "Baba, mashine za kule ni mpya." Upya hauzuii kitu. Pale Kansas City walijenga mtelezo wa maji uliokuwa mrefu kwenda juu kuliko yote duniani, mita 51, wakaufungua 2014. Mwezi Agosti 2016 mtoto wa miaka 10 akafia humo. Na ile meli yetu ya ziwani, Liemba, unaijua. Ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikazamishwa wakati wa vita mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na bibi yako alikwenda nayo Kasanga akiwa binti. Ukiwa mbele ya mashine, umri wake usikusumbue sana. Uliza nani aliishika mara ya mwisho na ameandika wapi.

Sasa nikueleze ya Dar, siku tuliyowapeleka watoto kwenye bustani ya michezo, maana wewe ulikuwa Dodoma na kaka yako amekusimulia upande wake tu. Yeye analalamika kuhusu hela, na ana haki. Tulilipa kiingilio getini, kufika ndani tukaambiwa kila mashine ina tiketi yake. Getini walipekua kikapu cha mama yako wakazuia mihogo ya kuchemsha na maji, kisha ndani maji yaleyale yanauzwa kwa bei ya soda mbili. Hakuna kivuli. Mwarobaini mmoja uliokuwepo ulikuwa umeegeshewa pikipiki za wafanyakazi. Gurudumu kubwa ambalo watoto waliliota wiki nzima limefungiwa kamba, na karatasi imebandikwa "Matengenezo", na karatasi yenyewe imepauka kwa jua mpaka maandishi huyaoni vizuri.

Kaka yako aliwaka kwa sababu ya lile gurudumu. Mimi hapana. Mashine mbovu iliyofungwa inanifanya nimheshimu mwenyewe, ingawa angesema ukweli getini kabla hatujatoa pesa. Kilichonitisha kilikuwa chooni. Hakuna maji, komeo limeng'oka, na aliyekaa mlangoni anakusanya mia tano bila kukuangalia. Nikajiuliza: hawa wasioweza kujaza ndoo, bolti zilizo juu kule nani anazikaza?

Na kwenye viti vya kuzunguka nikapata jibu. Kijana amesimama na simu mkono wa kushoto, mkono wa kulia anashusha vile vyuma vya mapajani. Pale pembeni kuna ubao wenye mstari wa kupima urefu wa mtoto, haukuangaliwa. Vyuma vya mwanzo alivishusha. Vya mwisho, pamoja na cha mpwa wako mdogo, alivisukuma kwa goti. Kwa goti! Nikavuka kamba, nikakishika chuma cha mtoto nikakivuta, kikafunguka. Kijana akaniambia, "Mzee, hicho huwa kinakaa chenyewe kikianza kuzunguka." Nikamteremsha mtoto. Akalia mpaka nyumbani, na hadi leo anawaambia wenzake babu alimnyima raha. Sawa.

Yule kijana si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Nyuma yake kulikuwa na foleni inapiga miluzi, na msimamizi wake alikuwa anamwonyesha saa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama juani tangu asubuhi bila kula. Siku ya kwanza lazima alishika kila chuma. Siku ya arobaini ndiyo goti linaanza. Wewe una bidii, walimu wako wote walisema, lakini nawe unachoka haraka na ukichoka unafanya mambo juujuu. Zile sufuria nazikumbuka. Shika kila chuma kwa mkono, ukivute juu. Cha mtoto wa mwisho ukishike kama cha wa kwanza.

Watu wanasema bustani mbaya ni ile yenye michezo michache. Bembea za Idi pale Ujiji zinasukumwa kwa mkono na hakuna aliyerudi nyumbani akisema amedanganywa. Mbaya ni ile iliyokuahidi kingine. Kule Glasgow, Februari 2024, walitangaza maonyesho ya watoto ya kiwanda cha chokoleti kwa picha za kung'aa zilizotengenezwa na kompyuta, tiketi hadi pauni 35. Watu wamefika, ghala tupu lenye mapambo machache, mtoto anapewa peremende chache na soda ya limau kidogo kwenye kikombe. Polisi waliitwa. Wakala wako naye amekutumia picha za chumba chenye kiyoyozi na kitanda cha shuka nyeupe. Nimeziangalia sana. Kivuli cha dirisha kimelala upande mmoja na cha kiti upande mwingine. Inawezekana sielewi mambo ya picha.

Mkataba usomewe na mtu mwingine kabla hujaweka sahihi. Umesema ana leseni. Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uwaulize wao, usimuulize yeye. Uangalie saa za kazi, siku ya mapumziko, na kama mtu anayesimama juani anapokezwa kwa zamu. Hilo la zamu ni la usalama wa wale utakaowafunga mikanda, waambie baba yako alisema hivyo. Pasipoti yako ikae kwako. Akikuambia "saini leo, kesho nafasi imekwisha", huyo anakuharakisha, nami nimekwisha kusema.

Hata Disney mwenyewe, yule wa Marekani, alipofungua bustani yake ya kwanza tarehe 17 Julai 1955, aliharakisha. Lami ilikuwa mbichi, visigino vya viatu vya kina mama vikazama. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, maji ya kunywa hayakutosha. Watu waliingia na mialiko ya kughushi. Siku hiyo ilikuwa aibu. Ila alikubali ni aibu, akarekebisha, na watu wakarudi. Tena pale ndani aliweka reli inayozunguka bustani nzima, na treni za mvuke. Huyo alijua vitu vya maana.

Umesema hutaweza kuja kuaga kwa sababu wakala anataka uwe Dar wakati wote. Treni ipo. Basi lipo. Sisemi zaidi ya hapo. Bibi yako ameuliza, nikamwambia una shughuli.

Mama yako anasema nisikuandikie maneno ya kutisha tu. Basi nikuambie kwamba nimemwambia fundi wa redio, na imamu, na yule mzee wa kahawa pale sokoni, kwamba binti yangu anakwenda kuendesha mitambo. Mama yako anadai kwamba ungesomea ufundi tangu mwanzo, kama mtu fulani hangesema ufundi si kazi ya mtoto wa kike. Hayo ya zamani tuyaache. Mitambo sasa utaishika.

Michango ya mdogo wako: wanataka hela ya masomo ya ziada na ya dawati, na dawati la mwaka jana tulilolipa halijulikani liko wapi. Nitakwenda shuleni mwenyewe Jumatatu. Bati la jikoni lile la upande wa mchikichi linavuja tena; mama yako anapikia mwavulini na anacheka, lakini najua hafurahi. Fundi anataka hela kabla ya kazi, nimemkatalia. Mawese mwaka huu ni mazuri. Shangazi yako amejaza dumu anataka ulibebe kwenye ndege, nimemweleza hawatakubali, ananuna. Dagaa unaweza kubeba, wafungwe kwenye nailoni mbili na gazeti katikati, usije ukanuka mbele ya watu siku ya kwanza. Nitamkabidhi kondakta wa basi la Alhamisi, uwahi kituoni, maana mara ya mwisho walikaa siku mbili pale.

Mama yako amekununulia kanga. Sikuambiwa nikueleze maneno yaliyoandikwa.

Kama utaweza kutuma chochote cha bati kabla ya kuondoka, tuma kwa namba ya mama yako. Laini yangu wameifunga, wanataka niende tena na alama za vidole, na foleni pale dukani inafika barabarani. Nitasubiri ipungue.

Baba yako