Barua kwa mpwa wangu anayehesabu nembo za magari ya mbio

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, swali lako la siku ile bado linanizunguka kichwani. Uliuliza gari linalopita kama mshale linamuuziaje mtu tiketi ya ndege. Nikakujibu, "Matangazo tu hayo," nawe ukanyamaza kwa adabu. Lilikuwa jibu la uvivu. Leo nalipa deni.

Tuanzie 1978. Timu ya magari ya mbio ya Williams ilikuwa changa, fedha za kuungaunga, ndipo jina la Saudia, shirika la ndege la Saudi Arabia, lilipobandikwa kwenye bawa la nyuma la gari lake. Mwaka uliofuata, pale Silverstone, dereva Clay Regazzoni akaipa timu hiyo ushindi wake wa kwanza katika Formula 1, mbio za magari za ngazi ya juu duniani. Akapanda jukwaani, na shampeni hakuigusa. Fedha za timu zilitoka katika nchi isiyoruhusu pombe, naye akaona heshima ni kushika juisi. Mimi huona hilo ndilo tangazo kubwa kuliko bawa lenyewe: bango mtu hulipita bila kulisoma, lakini mshindi anayekwepa shampeni kila mtu atauliza ana nini. Alan Jones akatwaa ubingwa na Williams 1980, Keke Rosberg 1982, na Saudia ilikuwapo mara zote mbili.

Sasa lije swali lako lenyewe. Emirates, shirika la ndege la Dubai, ilikuwa mdhamini wa Formula 1 nzima kuanzia 2013 hadi 2022, mabango yake yamejaa kona hadi kona. Lakini Dubai haina mbio za Formula 1! Basi Emirates ilikuwa ikimwita nani? Fikiria hivi: mji kama ule hauna wenyeji wa kutosha kujaza ndege kubwa namna ile. Wanaozijaza ni watu wanaotoka kwingine kwenda kwingine, wanaoshuka pale kidogo kubadilisha ndege. Wateja wa namna hiyo wametapakaa dunia nzima, na ni michezo michache inayozunguka dunia kila msimu kama huu. Mwaka 2024 pekee zilikuwa mbio 24. Miaka ile ya Emirates, aliyefuatilia msimu mzima alisikia jina lile katika miji ambayo ndege zake zilitua, na siku akitafuta tiketi, jina si geni tena.

Wengine huuza nyumbani kwao. Gulf Air imebeba jina la mbio za Bahrain tangu zilipoanza 2004, Etihad ikafanya hivyo Abu Dhabi tangu 2009, Singapore Airlines ikafuata kwao mwaka 2014. Qatar Airways ilipochukua nafasi ya Emirates mwaka 2023, mbio za Qatar zilikuwa zinarudi kwenye kalenda. Mengi ya mashirika haya ni mali ya serikali, mpwa wangu. Hapo hesabu hazifungwi kwa tiketi tu; zimo hoteli, uwanja wa ndege, na jina la nchi.

Tajiri mwenye ndege zake ana hesabu nyingine, na mara nyingine ni za mzaha. Mwaka 2010 Tony Fernandes wa shirika la ndege la AirAsia alikuja na timu ya Lotus, Richard Branson, mwenye ndege za Virgin, akaja na timu ya jina hilohilo. Wakawekeana dau: timu itakayomaliza nyuma, mwenyewe atavaa sare ya kike na kuhudumia abiria kwenye ndege ya mwenzake. Lotus ikamaliza ya kumi, Virgin ya kumi na mbili, na hakuna iliyopata hata pointi moja. Branson alichelewa kulipa hadi Mei 2013, akapanda ndege ya AirAsia X kutoka Perth kwenda Kuala Lumpur, miguu imenyolewa, midomo imepakwa rangi, akammwagia Fernandes vinywaji mapajani. Vyombo vya habari vikaparamia. Timu mbili za mkiani, matangazo ya bure duniani kote! Fernandes, kwa taarifa yako, aliwahi kuajiriwa katika kampuni za Branson.

Ila si wote waliocheka. Tajiri wa India, Vijay Mallya, alikuwa na bia ya Kingfisher, akaanzisha shirika la ndege kwa jina hilohilo mwaka 2005, kisha akaileta timu ya Force India 2008. Oktoba 2012 leseni ya shirika ikasimamishwa, wafanyakazi wakiwa wamekaa miezi bila mshahara. Mwezi huohuo, magari ya Force India yalikuwa yakishindana India kwenyewe, mbele ya watu wa nyumbani. Ndege zikalala chini, lakini jina la Kingfisher likaendelea kuzunguka viwanjani miaka kadhaa, maana bia ilikuwa bado inauzwa. Timu yenyewe ilifikishwa kwa wasimamizi wa mufilisi 2018.

Kila nikiziona picha za mbio zile za 2012 huwaza mhudumu wa ndege aliyekuwa sebuleni kwake siku hiyo, hana mshahara, na jina la mwajiri wake linapita kwenye skrini kwa kasi ya kilomita mia tatu kwa saa.

Nisalimie mama.

Ni mimi,
mjomba wako