Tabasamu la Glen Powell liache hapo hapo

Makadara, Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza umtazame nani, sasa umepewa nafasi ya mpenzi kwenye hiyo filamu fupi. Mtazame Glen Powell, yule Mmarekani wa Texas, ila tabasamu lake liache hapo hapo. Wanaomwiga huchukua meno wakaiacha kazi.

Kazi yake ni kukubali kuaibika. Katika Anyone But You (2023) yeye ni Ben, ana kifua cha kujivunia, ila ndani ya ndege roho yamruka mpaka ajitulize kwa wimbo wa Natasha Bedingfield. Sydney Sweeney, anayeigiza Bea, aiona siri hiyo. Ugomvi wao ungekuwa makelele matupu lau si udhaifu ule. Kisa chenyewe kimechotwa kwa Shakespeare, basi usishangae maadui wakigeuka wapenzi.

Set It Up (2018) itazame ukipata nafasi. Twisters (2024) yaisha bila busu. Watu walinung'unika, mimi naona ni sawa.

Ila Hit Man, iliyotoka Netflix mwaka 2024, ndiyo darasa. Powell aliiandika pamoja na mwongozaji Richard Linklater. Yeye ni Gary, mwalimu wa chuo anayewasaidia polisi kwa kujifanya muuaji wa kukodiwa. Kuna pahala yuko nyumbani kwa Madison, mpenzi wake, polisi wanasikiliza kila neno, naye amwandikia kwenye simu la kusema. Midomo yagombana, macho yabembelezana. Itazame mara tatu: kwanza na sauti, kisha uizime, mwisho mwangalie Adria Arjona, anayemwigiza Madison, peke yake. Hapo utajua mapenzi huonekana kwa anayesikiliza.

Sasa yako. Kamera ikikaribia uso, chagua jicho moja la mwenzio, lile lililo karibu na kamera. Ukirukaruka baina ya mawili utaonekana kama unasoma gazeti. Kama uliinua kikombe kwenye neno "kesho", kiinue hapo hapo kila mnaporudia, la sivyo mhariri hataweza kuunga vipande. Na kamera ikiwa kwa mwenzio, usimkatize. Sauti mbili zikipandana hazitenganishiki. Ugomvi mkitaka mpandane, mwongozaji aseme mapema.

Kukumbatiana nako kupangwe kabla: mkono wapi, kichwa upande gani, muachane kwenye neno lipi. Asiyepanga hugonga pua.

Mkishuti Mama Ngina, pale kando ya bahari, wakati wa kusi, upepo utaimeza maikrofoni. Ivalisheni kofia ya manyoya, na kabla hamjaondoka semeni maneno yote upya ndani ya gari, vioo juu.

Nitumie kurasa za ugomvi kwanza. Za mapenzi zaweza kungoja.

Mwendani wako