Kisu chako cha Uswidi usikipeleke kwenye grainda

Malalamiko ni yale yale: "Mliniuzia feki, hata mwezi haujaisha kimekuwa butu." Juzi bwana mmoja kutoka Mtwapa alikirusha kisu mezani mbele za watu. Mora Companion. Nilipokielekeza kwenye mwanga, karibu na ncha palikuwa na doa la samawati, na kingo za mteremko zimeviringika zote. Kumbe kampa kijana wa grainda amnolee chapchap. Feki hakikuwa.

Visu hivi hutengenezwa Mora, Uswidi, na sifa yake ni mteremko mmoja mpana unaoshuka kutoka kwenye bapa hadi makali. Ulaze wote juu ya kinoo kilicholowa, sukuma taratibu, geuza upande wa pili. Pembe hukisii, kisu chenyewe kinakuonyesha. Grainda inaifuta pembe hiyo, kisha inachoma chuma. Ile samawati maana yake chuma kimelegea, na hakishiki makali mpaka uisage sehemu iliyoungua yote. Cha huyu bwana tulikisaga kwa mkono jioni nzima na upana kimepungua. Ndiyo sababu kunoa kwetu kunazidi bei ya barabarani, na hatupunguzi.

Kwa hapa Mombasa nunua cha stenlesi. Cha kaboni ni kizuri na kinanoleka upesi, lakini hewa yetu ina chumvi. Mvuvi mmoja wa Likoni alikishindilia cha kaboni kwenye ala ikiwa bado na maji ya bahari. Alipokichomoa kutu ilikuwa imeshatoboa vishimo kwenye makali. Ukikitaka hicho hicho, kikaushe kila ukimaliza na ukipake mafuta ya cherehani.

Kuhusu unene, Companion ya kawaida ina milimita 2.5: inapara samaki, inakata kamba, inachonga vijiti vya mishikaki. Ipo HeavyDuty ya milimita 3.2 kwa wanaopasua kuni. Lakini dafu, jamani, ni kazi ya panga! Na msuka wa Companion, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, hauendi hadi mwisho wa mpini, kwa hiyo usibandulie vifuu.

Ukinunua kwetu, mara ya kwanza kikiwa butu kilete. Tutakinoa ukiangalia, bila malipo, na kinoo utakishika mwenyewe.